Jinsi ya Kumfundisha Mwanafunzi wa Meno Kutibu Ugonjwa wa Fizi

Mwanafunzi wa udaktari wa meno anapofika Lamu kwa mafunzo ya vitendo huwa tayari ana kazi anazozipenda. Anapenda kung'oa, kwa sababu jino linatoka na mgonjwa anashukuru siku hiyohiyo. Anapenda kuziba, kwa sababu tundu lililokuwapo saa tatu halipo saa nne. Tiba ya fizi haina utamu wa namna hiyo. Mgonjwa wake kwa kawaida haumwi, kazi yenyewe ni kukwangua kwa saa nzima mahali pasipoonekana, na siku ya kuimaliza mgonjwa huondoka akilalamika kwamba meno yanamuuma akinywa maji baridi. Matunda ya kazi hiyo huonekana baada ya wiki kadhaa, wakati mwanafunzi keshavuka kwenda bara na kurudi chuoni. Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaopokea wanafunzi katika kliniki za pwani, na shauri lake kuu ni hili: panga mafunzo ili mkono uliosafisha fizi ndio uje uzipime tena. Mengine yote nitakayoyataja yanalitumikia shauri hilo.

Anza na kalenda kabla hujagusa kifaa chochote. Ufizi uliosafishwa hadi ndani ya mfuko, yaani upenyo ulio kati ya ufizi na jino, unahitaji muda wa kupoa na kujishikiza upya kwenye mzizi, na ndiyo maana upimaji wa marudio hufanywa kati ya wiki 6 na wiki 12 baada ya kusafisha. Ukipima mapema mno unavuruga kinachopona na unajipatia namba zisizo na maana. Basi ikiwa mwanafunzi atakaa nawe wiki 10, mgonjwa wake wa kwanza hana budi awe amemaliza kusafishwa kufikia mwisho wa wiki ya tatu, jambo ambalo haliwezekani iwapo wiki mbili za mwanzo zimekwenda katika mihadhara na kuzungushwa idarani. Ikiwa atakaa wiki nne tu, weka daftari la makabidhiano: mwanafunzi huyu anasafisha, mwenzake anayemfuata anapima, na namba zinapigwa picha na kutumwa kwa yule aliyeondoka. Si sawa na kuona kwa macho yako, lakini nimeona wanafunzi wakinijibu usiku wa manane kutoka chuoni kwao wakitaka kujua jino fulani limefikia wapi.

Mgonjwa wa kwanza mchague wewe mwenyewe, wala usione haya kumchagulia mwanafunzi mgonjwa mwepesi. Mtafute mtu mwenye mifuko ya milimita 5 au 6 kwenye meno ya mbele yenye mzizi mmoja, asiyevuta sigara, na ikiwezekana anayekaa mjini au Shela. Magego ambayo mfupa umeliwa hadi panapoachana mizizi yanamshinda hata mzoefu, na mwanafunzi akianza nayo ataamini kwamba tiba hii haifai kitu. Wagonjwa wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, ni wema na wavumilivu, ila boti zao huweza kusubiri maji yajae, kwa hiyo miadi ya saa mbili asubuhi inaweza kuwa ya saa sita bila kosa la mtu yeyote. Uliza habari za maji kabla ya kuandika saa. Vilevile usiweke upimaji wa marudio katika siku za Maulidi ya Mfungo Sita, kwani mji hujaa wageni na hakuna atakayekumbuka fizi.

Jambo la pili ni lugha, ambalo vyuo hulisahau. Wanafunzi wengi hutoka bara, na Kiswahili chao ni cha shuleni. Mwaka mmoja mama mtu mzima aliketi kitini akamwambia mwanafunzi wangu, "Meno yangu yateza." Mwanafunzi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana maumivu makali, akaanza kutafuta jino la kuligonga. Alikuwa amesikia "yatesa". Mama hakuwa akiumwa hata kidogo. Kwa Kiamu alikuwa akisema kwamba meno yake yanacheza, yaani yanatikisika, na hiyo ilikuwa habari nzito zaidi kuliko maumivu. Tangu hapo mwanafunzi mpya nampa kwanza zoezi la kusikiliza wagonjwa watano bila kuwafungua kinywa, kisha aniletee maneno yao kama walivyoyasema. Nimeamua pia kwamba katika kliniki yetu ukoga ni ule utando laini unaotoka kwa mswaki, na ugaga ni ule uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe na hautoki ila kwa chuma. Watu wengine huyachanganya maneno haya, lakini mwanafunzi aliyeyatenganisha humweleza mgonjwa kwa sentensi mbili kile ambacho angekieleza kwa kumi.

Kisha fundisha kupima, na hapa usiwe na haraka. Kifaa cha kupimia fizi, ambacho wanafunzi hukiita probu, kina alama za milimita, na kila jino hupimwa sehemu sita: tatu upande wa shavu au mdomo, tatu upande wa ulimi au kaakaa. Ufizi wenye afya hupokea milimita 1 hadi 3. Tatizo la mwanafunzi si kusoma alama. Tatizo ni uzito wa mkono. Nguvu inayotakiwa ni kama gramu 20 hadi 25, na hakuna maelezo ya mdomo yatakayompa mtu hisia ya gramu 25. Mimi huleta mizani ndogo ya jikoni, ile ya kidijitali ya kupimia hamira na viungo, nikaiweka mezani na kumwambia mwanafunzi aguse kwa ncha ya probu huku ameangalia pembeni. Mara ya kwanza wengi husoma gramu 70 au 80, na sura zao hubadilika wanapofikiria wagonjwa waliokwisha kuwachoma. Baada ya dakika kumi za kurudia mkono huanza kukumbuka wenyewe. Zoezi hili halina gharama, nami sielewi kwa nini halifanywi kila mahali.

Siku inayofuata, wanafunzi wawili wapime kinywa kimoja bila kuonyeshana karatasi. Tofauti ya milimita 1 ivumiliwe. Ikizidi hapo warudi wote wawili na mwalimu awe katikati. Sikitiko la kawaida ni kwamba mwanafunzi huchomeka probu mara moja, huichomoa, na kuichomeka tena, akaupita mfuko mwembamba uliojificha kati ya meno mawili. Mfundishe kuitembeza ncha ndani bila kuitoa, kwa hatua fupi fupi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Damu inayotoka baada ya kupima iandikwe palepale. Aonywe mapema kwamba mvutaji wa sigara anaweza kutotoa damu nyingi ilhali mfupa umeliwa, na kwamba kwa mtafunaji wa tambuu mate mekundu yanaweza kumdanganya upande huu au ule, kwa hiyo kinywa kisukutuliwe kwanza.

Kuna hesabu moja ambayo isipofundishwa mapema hupotosha kila kitu kinachofuata. Mwanafunzi huona mfuko wa milimita 4 na kusema ugonjwa si mkubwa, kumbe ufizi wenyewe umeshuka milimita 3 kutoka kwenye shingo ya jino. Hasara halisi ni 4 na 3, yaani milimita 7 za mzizi zilizopoteza mshikio. Wazee wetu wengi wana mifuko mifupi na mizizi mirefu iliyo wazi, na mwanafunzi asiyejumlisha atawaandika kuwa wazima.

Uainishaji uliotangazwa mwaka 2018, wenye hatua nne za ukubwa wa ugonjwa na madaraja matatu ya kasi yake, uje baada ya hapo, wala usiwe mlango wa kuingilia. Wanafunzi huukariri kama shairi na hushindwa kuutumia. Njia nyepesi ni kuwapa mfano mmoja na kuugeuza. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umepungua asilimia 40 ya urefu wa mzizi kwa mtu wa miaka 50. Gawanya 40 kwa 50 upate 0.8, nalo ni daraja B, la mwendo wa kati. Sasa mfanye mtu huyohuyo awe na miaka 32. Jibu linakuwa 1.25, limevuka 1, ni daraja C, na mpango mzima wa kumfuatilia unabadilika ingawa picha ni ileile. Ongeza kwamba anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku, au mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kimefika asilimia 7, hupandishwa hadi C. Yatosha kwa wiki ya kwanza.

Kabla mwanafunzi hajamhubiria mtu kuhusu usafi, apake rangi ya kuonyesha ukoga kwenye meno yake mwenyewe mbele ya wenzake. Hesabu nyuso nne kwa kila jino. Mwenye meno 28 ana nyuso 112, na zilizoshika rangi zikiwa 45 maana yake ni asilimia 40. Lengo tunalompa mgonjwa ni asilimia 10 au karibu yake. Sijapata kumwona mwanafunzi aliyefikia 10 siku ya kwanza, nami mwenyewe nilipowekwa kwenye kiti hicho kwa ubishi wao nilipata 23. Hapo ndipo ninapowasimulia jaribio la Harald Löe na wenzake wa Denmark lililochapishwa mwaka 1965, ambapo watu wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa meno, waliacha kabisa kusafisha meno, na katika muda usiozidi wiki tatu fizi za wote zikavimba. Waliporudia kusafisha, zikapona katika muda wa wiki moja hivi. Mwanafunzi anayeyasikia haya akiwa na meno yenye rangi nyekundu hahitaji kuelezwa zaidi kwamba chanzo ni ukoga, na kwamba katika hatua ile ya mwanzo uharibifu hurudishika.

Sasa tufike kwenye kukwangua, ambako mwalimu atatumia muda wake mwingi. Nilipokuwa mwanafunzi, katika kliniki ambayo sitaitaja, nilimsafisha mwanamume mmoja kwa saa nzima, msimamizi akachungulia, akaona meno yameng'aa, akatia sahihi. Baada ya miezi miwili mtu huyo alirudi ufizi umevimba kwenye jino lilelile. Picha ilionyesha ugaga ungalipo chini ya ufizi, nami sikuwa nimeuondoa bali nimeusugua ukawa laini kama kokoto ya mtoni. Kyureti yangu, yaani chuma cha kukwangulia, ilikuwa butu, na hakuna aliyekuwa amenifundisha kuinoa. Kwa sababu hiyo somo langu la kwanza la vifaa ni jiwe la kunolea. Mwanafunzi anoe, ajaribu makali kwenye kijiti cha plastiki, na asiruhusiwe kumkaribia mgonjwa mpaka chuma king'ate plastiki badala ya kuteleza.

Somo la pili hufanywa juu ya meno yaliyong'olewa, yaliyolowekwa katika dawa ya klorini na kupangwa ndani ya plasta. Paka mizizi yake rangi ya kucha, tabaka mbili au tatu, uache ikauke usiku kucha. Inashika karibu kama ugaga wenyewe. Funika kwa kipande cha mpira ili mwanafunzi asione, kisha mwambie aiondoe kwa kuhisi. Ubapa wa kyureti uingie umelala juu ya jino, halafu ufunguliwe hadi digrii 60 au 80 na kuvutwa juu. Chini ya digrii 45 chuma kitalainisha bila kutoa, na zaidi ya 90 kitakata ufizi. Kidole cha pete kikae juu ya jino la jirani muda wote, kwa sababu mkono usio na mahali pa kuegemea huchoka baada ya dakika tano na hukata mtu baada ya kumi. Kyureti za aina iitwayo Gracey zipo nyingi na hutofautishwa kwa namba, ila mwanafunzi akiijua 5/6 kwa meno ya mbele, 11/12 kwa upande wa magego unaotazama mbele, na 13/14 kwa upande unaotazama nyuma, anaweza kufanya kazi kubwa ya siku. Mashine ya mtetemo ni nzuri na inaokoa muda, lakini umeme ukikatika au maji ya tangi yakiisha mwanafunzi aliyeizoea peke yake hubaki amekunja mikono.

Mpeleke kwa mgonjwa asafishe robo moja tu ya kinywa, na ganzi itiwe. Wanafunzi huogopa kutia ganzi kwa ajili ya kusafisha, wakaona ni kukuza mambo, matokeo yake mgonjwa anajikaza, wao wanaogopa, na ugaga wa chini kabisa unaachwa.

Mazungumzo na mgonjwa ni nusu ya tiba, na kwetu Lamu yana mambo yake. Mswaki wa mti usidharauliwe. Mzee anayeutumia kwa kufuata sunna ana nidhamu ya mara tano kwa siku ambayo mwenye mswaki wa plastiki hana. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwa kioo kwamba ncha yake haifiki upande wa ulimi wala katikati ya meno, na kwamba akiusugua kwa nguvu kwenda na kurudi ufizi utashuka. Uraibu ni jambo gumu zaidi. Neno hilo kwa maana yake ya zamani ni tambuu pamoja na popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya heshima na ukarimu, kwa hiyo mwanafunzi anayemkemea bibi kuhusu uraibu wake anamtukana bila kujua. Aulize kwanza bibi anatia nini na mara ngapi, kisha aombe tumbaku ipunguzwe, na atazame mashavu kwa ndani kila mara, maana popoo imethibitishwa kusababisha saratani. Kuhusu kisukari, mwanafunzi aeleze kwamba mambo haya mawili huchocheana, sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zikiwa na uvimbe sukari huwa ngumu kuteremka. Asiyejua sukari yake apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Mwezi wa Ramadhani wengi huuliza kama kusafishwa meno kunafunguza. Mwanafunzi asijifanye sheikh. Ampe mgonjwa miadi ya baada ya Idi, au ya usiku baada ya futari ikiwa kliniki inaweza, na aendelee na wagonjwa wengine.

Na ipo ile imani kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Haikuzuka bure. Ugaga mwingi huyafunga meno yaliyokwisha kulegea kama udongo unavyoshikilia mawe ya ukuta mkuukuu, na ukiutoa nafasi huonekana na ulimi huhisi mtikisiko uliokuwa umefichwa. Mwanafunzi aseme hayo yote kabla ya kuanza, kwa mkono akionyesha kwenye kioo: hapa patakuwa na mwanya, ufizi huu uliovimba utasinyaa, maji baridi yatauma kwa wiki chache. Asiposema, mgonjwa atawasimulia majirani barazani, na mwezi mzima hatapata mtu wa kusafisha. Wapo pia watakaoomba vidonge badala ya kukwanguliwa. Antibiotiki peke yake haziondoi ugaga, na kwa wagonjwa wengi wa fizi hazihitajiki kabisa. Mwanafunzi ajifunze kukataa kwa upole na kueleza kwa nini.

Neno moja kuhusu alama. Mwanafunzi akipewa alama kwa idadi ya vinywa alivyosafisha, atahesabu vinywa. Nusu ya alama zangu hutolewa siku ya kupima tena: je, namba za mwanzo ziliandikwa zote, rangi ya ukoga imepungua, damu imepungua, na mifuko iliyobaki mwanafunzi anaipangia nini? Anatafuta mahali pasiwe na mfuko wa milimita 6 au zaidi, wala wenye zaidi ya 4 unaotoa damu. Palipobaki, husafishwa tena au hupelekwa kwa bingwa wa upasuaji wa fizi. Sitoi adhabu kwa mfuko uliokataa kupona, ila natoa adhabu kwa mfuko usioandikwa.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, binti aliyekuja akiwa na hamu ya kung'oa tu, alikuwa na mgonjwa mvuvi wa Kizingitini mwenye mifuko ya 6 kwenye meno manne ya chini mbele. Alimsafisha kwa siku mbili bila furaha. Wiki ya nane mzee akarudi, mimi nikashika kalamu na yeye akaita namba: "Tatu, mbili, tatu." Akanyamaza. Akapima tena polepole, akaniomba niweke probu mwenyewe, nikapata tatu. Karatasi ya kwanza ilikuwa mapajani mwake na ameikunja kwa kidole kwenye mstari wa jino lile.

"Kwani kuna nini, mwanangu?" mzee akauliza.

Akamwonyesha kwenye kioo, akamweleza kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa na harufu kidogo ya Kiamu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama maji yameshajaa maana boti yake ilikuwa ikisubiri. Binti akafungua daftari la makabidhiano, akaandika miadi ya miezi mitatu mbele, akaacha wazi nafasi ya jina la mwanafunzi atakayempokea, na pembeni akaongeza namba yake ya simu.